Nimefunga kizazi nikiwa na miaka 28 hapa Dodoma: huduma ilikuwaje

Mbukwenyi wa nyumbani na habari zenu wageni. Watu mnasifia saluni, mnasifia kuku choma wa Area D anayeuzwa kwa bei ya mbuzi, ila huduma hii sijaona mtu anaisemea kwaiyo acha nianze mie. Nimefunga kizazi mwezi wa tatu. Nina miaka 28, watoto wanne, ni mama lishe kule Mtumba kwenye majengo ya serikali, nakaa Ihumwa. Na kabla hujasema "28 si bado mtoto huyo" jua tu kwamba hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Majina ya vituo sitaji. Kimoja walinikwaza na sitaki maneno na watu, cha pili wamenihudumia vizuri ila nao wana kasoro yao nitaisema, vyote viko mjini hapahapa.

Nianze na cha kwanza. Mimba yangu ya nne ilikuja na presha, miguu imevimba kama shina la mbuyu, na ilikuwa operesheni ya pili maana wa tatu naye alitoka kwa kisu. Niko pale wodini nasubiri kuingia thieta nikamwambia dada aliyekuwa anajaza fomu, jamani mkishafungua humo mnifunge na kizazi kabisa, nimemaliza. Akaniangalia. Una miaka mingapi? 27. Akacheka, akamwita mwenzie, eti njoo umuone huyu. Wakaniambia wewe bado mdogo sana utakuja kutusumbua baadae unataka kufunguliwa, na mumeo yuko wapi asaini? Mume wangu ni fundi nondo, siku hiyo yuko saiti kule Msalato uwanja wa ndege simu haipatikani. Basi ikaishia hapo, nikatoka na mtoto, na mshono, na karatasi ya kurudi kliniki.

Kilichoniuma siyo kukataliwa. Ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza KWA NINI nataka. Waliuliza umri, waliuliza mume, basi. Nikiwa na miaka 18 naingia leba kwa mara ya kwanza hamna aliyesema wewe bado mdogo, waliniambia sukuma.

(Kuna kitu nilikuja kuelewa baadae na nikiseme ili niwe mkweli, nesi wa kituo cha pili aliniambia kwamba mwanamke akiwa kwenye uchungu au anakimbizwa thieta siyo muda mzuri wa kuamua jambo la milele, hayo yanatakiwa yazungumzwe huko kliniki ya wajawazito mapema, yaandikwe kwenye kadi, ili siku ya operesheni iwe ni kutekeleza tu. Sawa, hiyo sababu naikubali. Ila wale hawakunipa hiyo sababu, walinipa kicheko.)

Nikakaa mwaka. Nilishatumia sindano huko nyuma nikanenepa na siku zangu zikapotea, nikaweka kijiti nikawa natoka damu matone matone kila wiki, na biashara yangu ni kusimama jikoni kuanzia saa kumi alfajiri sasa fikiria. Mwenzangu wa mezani, tunauza wote, ana kitanzi mwaka wa sita huu hajawahi hata kukikumbuka, kwaiyo msiseme naponda njia za watu, miili haifanani. Mie tu zilinikataa. Na ile presha ilinitisha, daktari aliniambia mimba nyingine inaweza kuja na hali ileile au zaidi.

Na usiniulize kuhusu mume kufungwa. Nilimuuliza. Alisema "mimi siyo maksai" akaenda kuoga. Nilimweleza kwamba maksai wamehasiwa na hii ya wanaume ni kamrija tu kanakatwa, nguvu zote zinabaki, tena ni rahisi na salama kuliko ya kwetu sema tu mnaendelea kujikinga miezi mitatu ya mwanzo mpaka mbegu zilizobaki ziishe. Nikawa naongea na mlango wa bafuni.

Sasa kituo cha pili. Nilienda Jumanne, nikapanda daladala saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikafika foleni ina watu kama kumi hivi, siyo mbaya. Mabenchi ya mbao bila pa kuegemea, feni ipo ila haizunguki, choo kisafi na kina maji, hilo nawapa maana mnajua maji ya mji huu. Kasoro yao kubwa iko kaunta, nitairudia.

Ndani ya chumba cha uzazi wa mpango kuna nesi mtu mzima, anaweza kuwa mama yangu mdogo kwa umri, kanivutia kiti, kafunga mlango. KAFUNGA MLANGO jamani. Akaniuliza mama nikusaidie nini, nikamwambia nataka kufunga, na nikajipanga kwa vita, nikaanza kabisa najua nina miaka 28 lakini... akanikata. Akasema, mwanangu, hapa siulizi umri ili nikukatalie, nauliza umri kwa sababu wa miaka 43 akija kwangu ana miaka michache tu iliyobaki ya kuzaa, wewe una karibu ishirini, na miaka ishirini mambo mengi yanapita, hiyo miaka ndo nataka tuiongelee.

Basi tukaiongelea. Kwanza alinitolea sinia la njia zote, vidonge, sindano, vijiti, kitanzi, akanieleza upya kama vile sijawahi kusikia, akaniambia kitanzi cha shaba kinakaa miaka 10 mpaka 12 na siku ukikitaka kitoke kinatoka, wakati kufunga ukishafunga hesabu umefunga, habari ya kufunguliwa ipo lakini ni operesheni kubwa, ya hela, na haina uhakika. Halafu akaanza maswali. Mume akifariki ukaolewa na mwingine asiye na mtoto utamwambiaje? Mkiachana je? Ukipata hela, ukajenga, maisha yakawa mazuri, hutatamani mtoto wa kumlea kwa raha? Haya yote nikajibu haraka haraka.

Afu akauliza, na mtoto mmoja akifariki?

Nilikasirika. Kweli nilikasirika, nikasema mama hayo ni maneno gani ya kuniombea. Akanyamaza tu, hakujitetea, akawa ananiangalia. Nikakaa pale nikiwafikiria wanangu mmoja mmoja, machozi yakanitoka, na nikamjibu kitu ambacho hata mie sikujua ninacho: akifa nikazaa mwingine, huyo mwingine siyo yeye. Akasema haya. Akanipa tishu.

Hakunipa tarehe siku hiyo. Aliniambia nenda nyumbani ukae nayo wiki mbili, siyo sheria, ni mimi nakuomba, na ukibadilisha mawazo hata ukiwa umeshalala kitandani cha thieta unashuka na hakuna atakayekusema. Nikamuuliza na mume asaini wapi. Akanionyesha fomu, sehemu ya saini ya mteja ni moja, akasema hiyo ni yako, mwili wako. Ila ukiweza mwambie, ni vizuri ajue kwako kuliko kwa jirani.

Hizo wiki mbili nilisoma. Usiku watoto wakilala naingia mtandaoni na bando la mia tano. Na nimekutana na mambo. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza 1978, waliwafuatilia wanawake zaidi ya 10,000 waliofungwa, wakaja kuwauliza miaka inavyoenda nani anajuta. Waliofungwa wakiwa na miaka 30 kushuka chini, ndani ya miaka 14 kama 20 katika kila 100 walisema wanajuta. Waliofungwa wamezidi 30, kama 6 katika 100. Hapo ndo nikaelewa hofu ya watoa huduma inatoka wapi, haijatoka hewani. Lakini pia hesabu hiyohiyo isome upande wa pili, wadogo 80 katika 100 hawakujuta, na hao themanini unawarudishaje nyumbani kwa kicheko kwa sababu ya ishirini? Waulize vizuri uwajue ishirini ni akina nani, si ndo kazi yenyewe.

Nikasoma pia kwamba Shirika la Afya Duniani umri mdogo wameuweka kwenye kundi la tahadhari, yani mhudumie lakini kwa umakini na ushauri wa ziada, hawajaandika asihudumiwe. Marekani, kwa anayelipiwa na mpango wa serikali, lazima awe ametimiza miaka 21 na asubiri siku 30 baada ya kusaini. India wao ni kuanzia 22, uwe umeolewa na una mtoto angalau mmoja. Uingereza hamna umri wa kisheria ila ukiwa chini ya 30 na huna mtoto jiandae kuulizwa sana.

Ila iliyoniacha hoi ni hii. Zamani huko Marekani, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, hospitali nyingi zilikuwa na hesabu, unachukua umri unazidisha na idadi ya watoto, isipofika 120 hufungwi. Nikachukua kalamu ya kuandikia madeni ya wateja. 28 mara 4 ni 112. NINGEKOSA! Mama mkwe wangu ana watoto tisa, akiwa na miaka 40 alikuwa na 360, angefungwa mara tatu kamili. Nilicheka peke yangu usiku mpaka mume akaamka akauliza nini, nikamwambia hesabu za duka.

Na nikamwambia na hilo lingine hapohapo gizani, nikasema nimeamua. Alikaa kimya muda. Alichouliza ni kama inauma. Basi. Mie nilikuwa na hotuba nzima.

Nikarudi baada ya wiki tatu siyo mbili, maana mwezi huo watu walikuwa wanakula sana saiti. Nesi yuleyule, akauliza tena maswali mawili matatu kwa kifupi, nikasaini. Siku ya kufungwa unaambiwa usile chochote asubuhi, uoge vizuri, uje na kanga mbili na mtu wa kurudi naye. Wakapima presha, uzito, wingi wa damu, na kipimo cha mimba. Unaenda kukojoa kwanza, hilo wanalisisitiza, kibofu kiwe tupu.

Haya, kuuma. Hii ni ya kidirisha kidogo juu ya kinena, hulazwi usingizi, unachomwa ganzi palepale pa kukatwa na sindano nyingine ya kukutuliza. Ganzi inauma kama siafu wengi kwa mpigo, afu panakufa. Kinachofuata ni kuvutwavutwa ndani, siyo maumivu ya kisu, ni kama mtu anatafuta kitu kwenye mkoba wako na mkoba ni wewe. Kwangu ilichukua muda kidogo upande wa kushoto sababu ya makovu ya operesheni mbili, waliniambia mapema kwamba inaweza kuwa hivyo na kwamba ikishindikana watanipangia hospitali kubwa. Nesi mmoja kazi yake ilikuwa kukaa kichwani kwangu kunipigisha stori, tulikuwa tunabishana mlenda mzuri ni wa bamia au wa majani, mpaka daktari naye akachangia, ye ni mtu wa pwani hajui kitu. Mrija unatolewa kidogo, unafungwa, unakatwa, kulia na kushoto. Nusu saa kasoro. Nikalazwa kitandani masaa kama manne, wakaniletea chai, wakaangalia presha, nikarudi nyumbani jioni kwa bajaji mwendo wa pole dereva kanisimamia kwenye matuta yote.

Gharama. Vituo vya serikali uzazi wa mpango ni bure na mie sikulipa huduma hata shilingi, nilitoa nauli, bajaji ya kurudia elfu nane, na siku mbili tatu za biashara zilizokufa ambazo ndo gharama yenyewe kusema ukweli. Wiki nzima huruhusiwi kubeba vizito, sasa mama lishe asiyebeba sufuria ni nani? Mdogo wangu alikuja kutoka Kongwa kunishikia jiko. Kama huna mtu wa hivyo jipange kwanza, hii kitu watu hawaisemi. Tendo la ndoa nalo waliniambia nisubiri wiki, na ukiona homa, usaha, tumbo linauma linazidi, usikae nyumbani unakunywa panado, rudi.

Siku ya saba nilirudi, mshono umekauka, nyuzi zikatolewa. Hapo aliniambia jambo alilokuwa ameshaniambia mwanzo ila nilikuwa sijalisikia, kwamba siyo asilimia mia. Mwaka wa kwanza katika wanawake 1,000 kama 5 hivi wanashika mimba pamoja na kufungwa, na ule utafiti wa Marekani ulikuta kwa miaka kumi wanafika kama 18 katika 1,000. Na mimba ikishika hapo kuna uwezekano mkubwa kuliko kawaida ikawa nje ya mfuko wa uzazi, kwaiyo ukikosa siku zako usijisemee mie nimefungwa, nenda kapime haraka. Na ukimwi na magonjwa ya ngono haizuii, kondomu inabaki na kazi yake.

Mama mkwe aliposikia (jirani alimwambia, kama nilivyotabiriwa) alisema nitakuwa baridi, nitanenepa, na damu itarudi kichwani maana haina pa kutokea. Siku zangu zimekuja kama kawaida, maana kinachofungwa ni njia ya yai tu, homoni hazijaguswa. La ubaridi sitalijadili hapa ila fundi nondo hajalalamika.

Nimalizie na jirani yangu mwingine maana bila yeye nitakuwa nimewasimulia nusu. Ana miaka 23, mtoto mmoja, na siku aliyotaka kwenda kufunga alikuwa ametoka kupigwa na mumewe, amekuja kwangu na begi. Aliniona mimi nimefunga akasema na mie nipeleke, sitaki kumzalia huyu mtu tena. Nikampeleka kwa yule mama. Nilidhani atamkubalia kama alivyonikubalia mimi, na nikiri nilitaka amkubalie. Alikaa naye ndani karibu saa nzima. Ametoka na kitanzi, na namba ya dawati la jinsia polisi. Aliniambia nesi alimuuliza swali moja, unataka kuacha kuzaa au unataka kuacha kuzaa na huyu? Akamwambia kufunga hakujakataliwa, mlango upo, rudi mambo yakitulia, umri wako hauna shida ila leo una hasira na hasira siyo mshauri. Yuko kwao Bahi saivi na mtoto, amepata kibarua. Anasema bado hajui, labda atazaa tena labda hatazaa. Kitanzi kipo.

Mie wa 28 nimefungwa, yeye wa 23 hakufungwa, na wote tumetoka pale tunamsifia mtu mmoja. Wale wa kituo cha kwanza wangetupima wote kwa umri wakatujibu neno mojamoja.

Nyota: kituo cha kwanza kwa huduma hii nawapa moja, na hiyo moja ni ya daktari aliyeniokoa na presha, siyo ya wale wa fomu. Cha pili nawapa nne. Ile iliyopungua ni ya kaunta. Kijana wa kaunta anaandika kwenye daftari anauliza kwa sauti ya mnadani, "umekuja kwa huduma gani?", nikamnong'oneza, akarudia kwa nguvu, "KUFUNGA KIZAZI? Miaka mingapi? ISHIRINI NA NANE?" Benchi zima likageuka, na kwenye benchi kulikuwa na bibi mmoja tunasali naye. Nilimwambia nesi, akasema wameshamwonya. Nilivyorudi na jirani yangu kijana yuleyule, sauti ileile. Kwaiyo ukienda fika kabla ya saa moja na nusu, na ukiulizwa kaunta jibu tu "uzazi wa mpango", mengine kayasemee ndani mlango ukishafungwa.